Namba 10 Watatu, Nafasi Moja: Ubishi wa Yanga Ulivyochambuliwa Kilwa

Julai 1, 2024 Yanga walimtangaza Clatous Chama kuwa mchezaji wao. Huyu ni Mzambia aliyetua Simba mwaka 2018, akawa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2019/20, akauzwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 na kurudi Simba miezi michache baadaye. Mashabiki wa Simba walimwita Mwamba wa Lusaka. Siku hiyo Mwamba akahamia Jangwani kwa Yanga, akavaa kijani na njano. Kuanzia Somanga mpaka Kilwa Masoko, mkoani Lindi, wenye jezi nyekundu walikosa la kusema na wenye za njano walikosa pa kuiweka furaha yao.

Lakini furaha ya Wananchi, mashabiki wa Yanga, ilikuja na deni lake. Yanga tayari walikuwa na Stephane Aziz Ki, raia wa Burkina Faso aliyekuwa ametoka kumaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Walikuwa pia na Pacome Zouzoua wa Ivory Coast. Wote watatu wanapenda kucheza pale pale: katikati, nyuma ya mshambuliaji wa mwisho, mahali ambapo mpira wa timu nzima hupitia kabla haujafika golini. Nafasi ni moja. Nani aanze, nani akae benchi?

Nchi nzima ilibishana. Ila mwambao wa Lindi ni mahali pazuri pa kuufuatilia ubishi huo, kwa sababu huku watu wako mbali na viwanja vikubwa na hulazimika kuucheza mpira kichwani kuliko kuutazama kwa macho. Kwa mtu wa Kilwa, mechi ya Uwanja wa Benjamin Mkapa ni safari ya basi inayokula saa nyingi, kuvuka Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji na kurudi usiku au kulala kwa ndugu. Wengi hawaendi. Hutazama kibandani, kisha hubishana barazani, na barazani ndiko mechi inakochezwa mara ya pili.

Kila baada ya swala ya alasiri, muuza kahawa akishapita na birika lake na kashata zikishagawanywa, hakosekani mtu wa kupanga kikosi. Huku kwenye mikorosho hahitaji kalamu wala karatasi. Anachukua korosho, anaiweka moja mwisho wa benchi: kipa. Nne mbele yake, safu ya ulinzi. Mbili zinafuata, viungo wawili wa chini. Halafu moja kulia na moja kushoto, na moja mbele kabisa. Mkononi zimebaki tatu, na kwenye benchi kuna pengo moja tu, katikati. Hapo ndipo kelele huanza. Mmoja anaisogeza korosho ya kushoto aingize Pacome. Mwingine anaitoa ile ya mbele, anataka Aziz Ki acheze kama mshambuliaji. Mzee mmoja anazirudisha zote mahali pake na kumwambia kijana: mwanangu, ukiweka wote, nani atakaba?

Ni swali la haki, na ndilo ambalo makocha wanaolipwa pesa nyingi hulala nalo.

Kibanda umiza, kile cha kutazamia mpira kwenye televisheni, nacho kimechangia kuwafanya mashabiki wa sasa wawe wachambuzi kuliko wale wa zamani waliotegemea redio. Tangu Mei 2021, Azam Media walipoingia na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, karibu kila mechi ya ligi inaonekana. Mvuvi wa Kilwa Kivinje aliyekuwa akisikia tu kwamba fulani kapiga pasi nzuri, leo anaiona pasi yenyewe, anaiona tena kwa mwendo wa polepole, na anaona pia yule beki aliyesahau kugeuka. Kwa hiyo ukimwambia Chama hakimbii, atakujibu kwamba Chama hana haja ya kukimbia kwa sababu jicho lake hufika kabla ya miguu ya wengine. Hilo si ushabiki mtupu. Mtu amelitazama.

Tuwatazame basi hao watatu, maana hawafanani hata kidogo.

Aziz Ki, aliyevaa jezi namba 10, alikuja mwaka 2022 kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan. Silaha yake ni mguu wa kushoto na shuti. Akipokea mpira hatua chache nje ya boksi, jambo la kwanza analolitafuta ni goli, la pili ndiyo pasi. Mabao 21 kwa kiungo katika ligi yetu ni mengi mno; msimu huo Feisal Salum wa Azam, kiungo mwenzake, alimfukuza mpaka akakomea 19. Pacome, namba 26, naye alipitia ASEC na kuja mwaka 2023 akiwa mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast. Huyu ni wa kukokota. Anachukua mpira nyuma, anaubeba, anawavuta mabeki wawili au watatu, na nafasi anayoiacha wazi wanaitumia wenzake. Chama, namba 17, ni mtu wa pasi ya mwisho. Anasimama mahali ambapo huoni faida yake mpaka mpira umfikie, kisha anaupenyeza katikati ya mabeki kwa mguso mmoja. Waulize watu wa Simba kuhusu Machi 16, 2019, AS Vita wakiwa Dar es Salaam na matokeo yakiwa 1-1: bao la dakika za mwisho la Chama ndilo lililoipeleka Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Mpiga shuti, mkokotaji na mpiga pasi. Kocha anayemchagua mmoja wao anachagua pia namna timu yake itakavyoshambulia.

Wamarekani wana ubishi wa aina hii katika mchezo wao wenyewe wa mpira, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Pale yupo mchezaji anayeitwa kotabeki. Kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Yeye ndiye anayeamua mpira aurushe kwa nani na lini. Mwaka 2001 timu ya New England Patriots ilikuwa na kotabeki mwenye jina, Drew Bledsoe. Akaumia mwezi Septemba, akaingizwa kijana ambaye wengi hawakumjua, Tom Brady. Bledsoe alipopona, kocha Bill Belichick akabaki na kijana, na Februari 2002 wakachukua ubingwa. Mashabiki walibishana wee, lakini walau swali lao lilikuwa rahisi kwa sababu mchezo wao una nafasi ya kotabeki mmoja tu uwanjani. Ni huyu au yule.

Kwetu kuna jibu la tatu: wachezeshe wote. Na hilo ndilo linaloufanya ubishi wa namba 10 uwe mgumu zaidi.

Hakuna mechi iliyolionyesha jambo hili vizuri kuliko fainali ya Kombe la Dunia ya Juni 21, 1970, Azteca, Mexico. Italia walikuwa na wachezeshaji wawili wa daraja la juu, Sandro Mazzola wa Inter na Gianni Rivera wa Milan. Kocha Ferruccio Valcareggi hakuamini kwamba wanaweza kucheza pamoja, kwa hiyo katika robo fainali na nusu fainali alimwanzisha Mazzola na kumwingiza Rivera kipindi cha pili. Rivera aliingia nusu fainali akafunga bao la ushindi dhidi ya Ujerumani Magharibi, 4-3. Siku ya fainali kocha akamwacha Rivera benchi mpaka zikabaki dakika sita. Upande wa pili walisimama Brazil, ambao kocha wao Mario Zagallo alikuwa na tatizo kubwa kuliko la Italia: Pele, Gerson, Rivelino na Tostao, wote wachezeshaji wakuu katika klabu zao. Zagallo akawapanga wote. Gerson akamshusha chini kuanzisha mashambulizi, Rivelino akampeleka kushoto, Tostao akamsogeza mbele acheze kama mshambuliaji wa kuvuta mabeki, na Pele akabaki huru. Brazil walishinda 4-1.

Wanaotaka namba 10 watatu waanze pamoja huitaja Brazil hiyo kwa kupenda. Wasichokitaja ni kwamba Zagallo hakuwaweka wanne mahali pamoja. Kila mmoja alipewa kazi nyingine na akaikubali.

Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa kocha wa Yanga, alikuwa ameshafanya jambo la namna hiyo msimu wa 2023/24. Alimwacha Aziz Ki katikati, Pacome akamtoa pembeni na kumruhusu aingie ndani, na Maxi Nzengeli wa Congo akampa kazi ya kukimbia kwa niaba ya wote. Novemba 5, 2023 mpango ule uliwaangukia Simba: 5-1. Kennedy Musonda alifunga, Maxi akafunga mawili, Aziz Ki moja na Pacome moja kwa penalti. Mabao manne kati ya matano yalitoka kwa watu wa katikati, na siku ile mtu yeyote aliyekuwa amesema Pacome na Aziz Ki hawawezi kukaa pamoja alinyamaza.

Chama alipoongezeka, hesabu ikabadilika. Ukimweka Chama ndani, lazima umtoe mmoja wa wakimbiaji, na timu yenye wachezeshaji watatu wasiopenda kukaba inategemea sana watu wawili walio nyuma yao. Gamondi alilijua hilo, ndiyo maana mara nyingi Chama alianzia benchi. Mwanzoni hakuna aliyelalamika. Katika raundi za awali za Ligi ya Mabingwa, Yanga waliwafunga Vital'O ya Burundi jumla ya mabao 10-0, kisha CBE ya Ethiopia jumla ya 7-0. Katika ligi walishinda mechi 8 za kwanza bila nyavu zao kuguswa, ikiwemo dabi ya Oktoba 19 dhidi ya Simba.

Halafu zikaja wiki mbili za Novemba. Tarehe 2 wakafungwa 1-0 na Azam. Tarehe 7 Tabora United wakawapiga 3-1. Tarehe 15 Gamondi akaondolewa, na nafasi yake akapewa Sead Ramovic, aliyekuwa akiifundisha TS Galaxy ya Afrika Kusini.

Na hapa mkoa wa Lindi unaingia uwanjani wenyewe, maana mechi ya kwanza ya ligi ya Ramovic ilikuwa Novemba 30, 2024, Ruangwa, dhidi ya Namungo. Msimu wa korosho ulikuwa umekolea, mnada unaendelea, na pesa ilikuwa mikononi mwa watu kuliko miezi mingine yote ya mwaka. Yanga walishinda 2-0. Wengi waliokuwepo walikuwa wamekuja kuona nani atachezeshwa na kocha mpya. Walichokiona, na ambacho kilichukua wiki kadhaa kueleweka, ni kwamba kocha mpya hakuwa anauliza nani. Alikuwa anauliza vipi.

Mtindo wake ulipata jina lililopendwa na kila mtu, gusa achia twende kwao. Ukipata mpira, usikae nao. Gusa mara moja, mbili zikizidi, umpe mwenzako na wewe uondoke pale ulipo. Desemba hiyo ndipo ulipoiva. Kati ya Desemba 19 na 29 Yanga walicheza mechi 4 za ligi: Mashujaa 3-2, Prisons 4-0, Dodoma Jiji 4-0, Fountain Gate 5-0. Mabao 16 ndani ya siku 11.

Inafaa kueleza kidogo shambulizi la pasi linavyofanya kazi, kwa sababu barazani watu hulisifia bila kulifungua. Timu pinzani ikijilinda hupanga mistari miwili, viungo wake wanne mbele na mabeki wanne nyuma. Kati ya mistari hiyo kuna uwazi, pengine hatua kumi, kumi na tano. Namba 10 huishi humo. Akipokea mpira humo akiwa ameligeukia goli, beki ana mambo mawili ya kuchagua na yote mabaya: akimfuata, anaacha mlango nyuma yake, akibaki, anampa nafasi ya kupiga. Kwa hiyo ulinzi mzuri haushughuliki na namba 10 mwenyewe. Unashughulika na kuhakikisha mpira haumfikii.

Ndiyo maana ubishi wote kuhusu Chama, Aziz Ki na Pacome ulipaswa kuanza na jina jingine kabisa: Khalid Aucho. Mganda huyu aliyekuja Yanga mwaka 2021 hakuwa akifunga, na kwenye vibanda haikuwa kawaida kusikia jina lake likiimbwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiuchukua mpira kwa mabeki Dickson Job na Ibrahim Hamad, Bacca, na kuupitisha katikati ya viungo wa timu pinzani mpaka ule uwazi. Kipa Djigui Diarra wa Mali naye alikuwa sehemu ya kazi hiyo, maana miguu yake ilimwezesha kuanzisha shambulizi pale ambapo kipa mwingine angebutua. Ukiitazama mechi ya Yanga ya wakati ule na kuhesabu hatua moja nyuma kutoka kwenye pasi ya bao, mara nyingi utamkuta Aucho. Namba 10 hodari asiyepewa mpira ni mtu mmoja aliyesimama kati ya maadui wanane.

Jambo la pili ni upana. Mabeki wa pembeni wakipanda mpaka karibu na mstari wa chaki, ule mstari wa mabeki wanne hutanuka na uwazi huongezeka. Wakibaki nyuma, hata ukimleta Pele mwenyewe atakutana na msitu wa miguu. Timu ya Ramovic iliwatuma mabeki wa pembeni juu bila woga. Huo ulikuwa uhai wake na pia hatari yake: timu yenye kasi ikikupora mpira, nyuma hakuna mtu. Katika Ligi ya Mabingwa Yanga walianza makundi kwa vipigo viwili vya 2-0, kutoka kwa Al Hilal ya Sudan na MC Alger ya Algeria. Wakajikwamua kwa kuifunga TP Mazembe 3-1 na kulipiza kwa Al Hilal 1-0, lakini mechi ya mwisho ya Januari 18, 2025 walihitaji ushindi dhidi ya MC Alger na hawakupata hata bao moja. Waalgeria walikaa nyuma, wakaufunga ule uwazi, wakaondoka Dar es Salaam na 0-0 yao na tiketi ya robo fainali. Usiku ule swali la namba 10 lilirudi likiwa kali kuliko mwanzo: pasi zote zile, na mlango haukufunguka.

Watu wa Lindi wanaujua vizuri mlango usiofunguka, maana timu yao imewahi kuwa wenye mlango. Namungo wa Ruangwa, Wauaji wa Kusini, walipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Julai 8, 2020 Simba ya Chama walikwenda Uwanja wa Majaliwa wakiwa tayari mabingwa, na kombe la ligi lilikabidhiwa huko huko Ruangwa. Simba hiyo ilikuwa ikielekea kwenye ule mtindo ambao msemaji wao wa wakati huo, Haji Manara, aliupa jina la pira biriani. Namungo hawakukubali kuwa mboga ya sherehe ya watu wengine. Mechi iliisha 0-0. Wiki chache baadaye, Agosti 2, timu hizo zikakutana tena Sumbawanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Simba wakashinda 2-1, na Namungo, waliokuwa wamemaliza ligi katika nafasi ya nne, wakapata nafasi ya kucheza Afrika.

Hadithi ile ya Afrika inastahili kusimuliwa kila mara hapa mwambao. Namungo hawakuwa na Chama wala Aziz Ki. Walikuwa na kocha Hemed Suleiman, Morocco, ambaye baadaye aliipeleka Taifa Stars AFCON, na kikosi cha wachezaji ambao majina yao hayakuwa yakichapwa kwenye kurasa za mbele. Februari 2021 walikwama Angola, wakawekwa karantini ya korona, na mechi zote mbili dhidi ya 1º de Agosto zikahamishiwa Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo walishinda 6-2. Ya pili walifungwa 3-1, lakini jumla ikawa 7-5 na wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Huko walikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na hawakupata pointi hata moja.

Ukilinganisha, utaona tofauti ambayo mashabiki wa Yanga na Simba hawalazimiki kuifikiria. Timu kubwa inabishana ni yupi kati ya wachezeshaji watatu aanze. Namungo, kama klabu nyingi za mikoani, ikipata mchezeshaji mmoja mzuri swali lake ni atakaa misimu mingapi kabla hajanunuliwa. Kwa hiyo timu ya namna hiyo hujifunza kushambulia bila kumtegemea mtu mmoja: mpira mrefu kwa mshambuliaji mwenye nguvu, krosi, mipira iliyokufa, mbio za kaunta. Watu huuona mtindo huo kama wa kishamba. Si sawa. Ni akili ya kutumia ulichonacho, na mabao sita dhidi ya Waangola hayakupatikana kwa bahati.

Tatizo la kwanza la kumpata mchezeshaji wa nyumbani ni viwanja. Kivinje, maji yakipwa, vijana hucheza kwenye mchanga ulioshindiliwa na bahari, na pale mpira unatembea vizuri kuliko kwenye viwanja vingi vya shule vya mkoa vilivyo mbali na pwani. Kiwanja chenye vishimo na mizizi hakimfundishi mtoto pasi ya kugusa mara moja. Kinamfundisha kuunyanyua mpira juu upite matatizo. Kisha tunashangaa kwa nini namba 10 wa timu zetu kubwa wanatoka Lusaka na Abidjan. Feisal Salum, mchezeshaji bora tuliyemzaa sisi wenyewe kwa miaka ya karibuni, alitoka Zanzibar. Mwambao wa Lindi una mchanga kama ule wa Unguja. Haukosi watoto wenye vipaji. Unakosa makocha wa watoto hao, mipira ya kutosha na mashindano ya mara kwa mara.

Tukirudi kwa wale watatu, msimu wenyewe wa 2024/25 haukusubiri ubishi uishe. Ramovic aliondoka Februari 4, 2025 kwenda CR Belouizdad ya Algeria, akaja Miloud Hamdi. Dabi ya Machi 8 dhidi ya Simba iliahirishwa. Aziz Ki aliuzwa Wydad Casablanca mwezi Mei, kabla ligi haijamalizika. Dabi ilipochezwa hatimaye, Juni 25, 2025, ilikuwa ndiyo mechi ya kuamua ubingwa, na Yanga waliingia bila mfungaji wao bora wa msimu uliotangulia. Pacome alifunga kwa penalti, Clement Mzize akaongeza la pili, 2-0, taji la 31.

Waliokuwa upande wa Pacome walitangaza kwamba kesi imefungwa. Haikuwa imefungwa. Wa Chama waliuliza ni namba 10 gani anayehukumiwa kwa penalti. Wa Aziz Ki wakakumbusha kwamba Februari mtu wao aliwafunga KMC mabao matatu peke yake. Na watu wa Simba, walioonekana kukosa cha kusema, walikuwa na cha kusema: mfungaji bora wa ligi msimu huo alikuwa kiungo wao mchezeshaji, Jean Charles Ahoua, kwa mabao 16. Simba walikuwa na namba 10 mmoja tu, hakuna aliyemgombania nafasi, na hawakuchukua ubingwa. Hoja hiyo ni nzito kuliko wao wenyewe walivyoitumia. Inaonyesha kwamba kumpata mtu sahihi katika nafasi ile ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko hatua ishirini nyuma yake.

Kilichofuata kiliupa ubishi huo mwili mpya. Yanga walianza msimu wa 2025/26 na kocha Mfaransa, Romain Folz, wakaifunga Simba 1-0 katika Ngao ya Jamii kwa bao la Pacome. Hata hivyo mashabiki walinung'unika kwamba mpira hauchezwi, kwamba timu inashinda bila kupasiana. Oktoba wakafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, na Folz akaondolewa. Akaja Pedro Goncalves, Mreno aliyekuwa ametoka kuifundisha Angola. Wakati huo huo kule Singida Black Stars, Gamondi alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Chama alikuwa amehamia pale. Aucho naye alikuwa pale. Mwezi Septemba walikuwa wameshachukua Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan katika fainali, Dar es Salaam. Barazani Kilwa wengi walilisoma jambo hilo kwa jina la Chama. Wachache, na mwandishi wa makala haya yuko upande wao, walianza kumtazama yule Mganda aliyekuwa akimpa mpira.